Siku nne kwenye meli ya Karibi, na kanga ya zamu

"Mimi na meli tuliachana mwaka 1996," mama alisema bila kuinua uso, akaendelea kuchambua mchele.

Tulikuwa jikoni kwa dada yangu, Houston, jimbo la Texas, Marekani. Mama alikuwa ametoka Mwanza miezi mitatu nyuma kuja kumsaidia dada kulea. Mimi nilikuwa nimefika wiki moja tu, kwa likizo. Mezani palikuwa na simu ya dada ikionyesha picha ya meli nyeupe ya kitalii, yenye ghorofa zaidi ya kumi, mabwawa ya kuogelea juu yake na bomba la kuteleza lenye rangi ya njano. Ilikuwa safari ya siku nne. Meli ingeondoka Alhamisi katika bandari ya Galveston, ifike Jumamosi katika kisiwa cha Cozumel, Mexico, kwenye bahari ya Karibi, na irudi Jumatatu asubuhi.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa habari ya 1996. Asubuhi ya Mei 21 mwaka huo, MV Bukoba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilizama ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Dada alikuwa na miaka saba na anayakumbuka matanga. Mama alimpoteza jirani aliyekuwa akiuza naye vitenge sokoni. Tangu hapo, miaka yote ile ya kivuko cha Busisi, mama akitaka kwenda Bukoba alizunguka kwa basi kupitia Kahama, ili mguu wake usikanyage chombo chochote kinachoelea.

"Nendeni ninyi," alisema. "Mimi nitabaki na mtoto."

Dada hakujibu. Alikuwa amesinzia akiwa ameketi, kijiko cha uji wa mtoto kikiwa bado mkononi.

Muuguzi asiyelala

Dada ni muuguzi wa wodini. Zamu yake ni ya usiku, saa 12 kwa usiku mmoja, usiku tatu kwa wiki. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenye karatasi. Hesabu ya kweli ni usiku nne, wakati mwingine tano, kwa sababu kuna mkopo wa nyumba, kuna wadogo zetu wawili chuoni, na kuna simu za nyumbani zinazoanza na "samahani kwa usumbufu". Shemeji ni dereva wa lori la masafa marefu. Anaweza kuwa njiani wiki mbili.

Wiki moja kabla ya mimi kufika, dada alisinzia kwenye taa nyekundu akirudi kutoka kazini. Honi ya gari la nyuma ndiyo iliyomwamsha. Aliniambia kwa kicheko, lakini mimi naandika habari za afya, na sikucheka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa makadirio mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo inaongezeka kwa asilimia 17. Walikadiria vifo 745,000 duniani kwa mwaka 2016 pekee vilivyotokana na saa nyingi za kazi. Kazi ya zamu za usiku nayo imewekwa na shirika la WHO la utafiti wa saratani kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu.

Dada anayajua haya kuliko mimi. Huwafundisha wagonjwa. Kilichomzuia kupumzika si kutojua, ni aibu. Safari ile, kwa watu wazima watatu na watoto watatu, ilikuwa inakaribia dola 2,300 kabla ya matumizi mengine. "Hiyo ni bati za nyumba nzima kule kwetu," aliniambia. "Nitamwambia nani kwamba nimezitumia kukaa kwenye kiti?"

Aliyekata shauri ni mama. Siku mbili baada ya kumwona binti yake amelala na kijiko mkononi, alikuja sebuleni akasema: "Lipia. Nitapanda. Lakini nataka kuoneshwa maboya kabla meli haijang'oa nanga."

Boti ni ngapi?

Galveston iko mwendo wa saa moja hivi kusini mwa Houston. Siku ya kuondoka tulikuta foleni ndefu lakini inayotembea. Mabegi makubwa huchukuliwa mlangoni na kuletwa chumbani baadaye, mara nyingine jioni. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Dawa za shinikizo la damu za mama zilikuwa ndani ya begi kubwa, na dada alilifungua barabarani kuzitoa. Dawa, nepi, nguo ya kuogelea na nguo ya kubadilisha mtoto vyote vinapaswa kuwa kwenye mkoba wa mkononi.

Meli yetu ilibeba abiria zaidi ya 3,000 na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Ni kubwa, lakini siku hizi kuna kubwa zaidi. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Mama aliitazama yetu kutoka chini, akainua shingo mpaka kilemba kikataka kudondoka. "Hii si meli," alisema. "Hii ni Kariakoo imewekwa majini."

Kabla ya meli kuondoka kila abiria hupewa mafunzo ya usalama. Unatazama video, kisha unakwenda mahali ulipopangiwa kukusanyika ikitokea hatari, na mfanyakazi anakuandika kwamba umefika. Abiria wengi wanaona hili ni usumbufu unaowachelewesha kwenda kwenye chakula. Lina historia yake. Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya waliokuwa wamepanda siku ile walikuwa bado hawajafanya mafunzo hayo. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilibadilishwa: mafunzo sasa hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Mama alikuwa mwanafunzi bora wa siku hiyo. Alimuuliza yule mfanyakazi kupitia kwangu: boti za kuokolea zinatosha watu wangapi? Kijana alieleza kwa upole kwamba meli za abiria za aina hii, kwa sheria ya kimataifa, lazima ziwe na nafasi kwenye boti na maboya ya kujaza hewa kwa watu wote waliomo, na nyongeza ya robo.

"Kwa hiyo hakuna wa kubaki?" mama aliuliza.

"Hakuna wa kubaki."

Akaomba kuona majaketi ya watoto. Yaliletwa chumbani matatu, kila moja kwa kipimo cha mtoto wake. Aliyajaribisha yote, akayapanga juu ya kitanda chake, akakaa pembeni. Nilimwona kwa mara ya kwanza mabega yake yakishuka.

Usiku wa kwanza

Watu huona Karibi kwenye picha wakadhani maji yametulia wakati wote. Lakini kutoka Texas unavuka kwanza Ghuba ya Mexico, na mwezi Februari pepo za baridi kutoka kaskazini huitikisa. Usiku ule meli ilikuwa ikiyumba taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto ambaye hataki kulala.

Binti wa dada wa miaka tisa alitapika mara mbili. Wa miaka miwili alilala fofofo. Watoto chini ya miaka miwili ni nadra kuugua mwendo, na wanaosumbuka zaidi ni wa kati ya miaka miwili na 12. Kinachosaidia ni hewa, kutazama mbali mahali bahari inapokutana na mbingu, chakula kidogo kikavu, na kuacha simu. Tangawizi huwasaidia wengine. Dawa zipo, lakini nyingi hazifai kwa watoto wadogo, kwa hiyo uliza kipimo kwa daktari kabla ya safari. Na unaponunua tiketi, chumba cha chini na katikati ya meli huyumba kidogo kuliko cha juu mbele.

Mama hakulala. Saa tisa usiku nilimkuta ameketi, akisikiliza. "Kuna mtu anaendesha?" aliniuliza. Nikamwambia kwamba kule juu kuna maofisa wanaopokezana usiku kucha, hawaachi usukani hata dakika moja.

"Wako zamu," alisema.

"Wako zamu, mama."

Alilala saa kumi.

Sekunde kumi za bwawani

Ijumaa ilikuwa siku ya kukaa baharini. Jua lilitoka, upepo ukapungua, na sitaha ya juu ikajaa watu. Dada alilala kwenye kiti kirefu na kufumba macho. Mtoto mdogo alikuwa mapajani kwa mama, kwa sababu watoto wanaovaa nepi hawaruhusiwi kwenye mabwawa ya meli. Ni kanuni ya afya, kuzuia maji yasichafuke. Mimi nilikuwa nikimpiga picha binti mkubwa. Kijana wa miaka sita alikuwa ameketi ukingoni akichezesha miguu majini.

Sitaisahau sauti ya mama. Hakuita jina. Alisema tu, "Mtoto!"

Nilipogeuka ukingoni hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kelele wala maji kuruka. Bwawa lilikuwa na watu zaidi ya ishirini na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegundua. Mwanamume aliyekuwa karibu alifuata kidole cha mama, akainama, akamtoa kijana akiwa anakohoa. Labda zilikuwa sekunde kumi. Daktari wa meli alimpima, akasema kifua kiko safi, na akamwambia dada dalili za kuangalia kwa saa chache zijazo: kikohozi kisichokoma, kupumua kwa shida, usingizi usio wa kawaida.

Watu wazima watatu tulikuwa pale. Dada alidhani mimi natazama. Mimi nilidhani dada anatazama. Aliyekuwa akitazama kweli ni mtu anayeogopa maji, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwahesabu wajukuu kama kuku anavyohesabu vifaranga.

Nimeandika mara nyingi kuhusu kuzama. Najua kwamba WHO ilikadiria vifo 300,000 vya kuzama duniani mwaka 2021, na kwamba karibu robo yake ni watoto walio chini ya miaka mitano. Najua mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu anatafuta pumzi, na hana pumzi ya kupigia kelele. Najua meli nyingine zina waokoaji kwenye mabwawa na nyingine zina tangazo tu ukutani kwamba mzazi ndiye mwangalizi. Nilikuwa najua yote hayo, na nilikuwa nimeshika simu.

Dada alilia chooni, kimya kimya, kisha akatoka na kusema twende chumbani, likizo imeisha. Mama ndiye aliyekataa.

Alivua kanga aliyojifunga kiunoni, ile ya maua mekundu, akamtupia begani dada mwenye umri mdogo, yaani mimi. "Mwenye kanga hii yuko zamu," alisema. "Hashiki simu. Hasomi. Hapigi soga. Anaangalia watoto tu. Akichoka, anamvisha mwenzake na mwenzake anasema nimepokea. Wengine wote wapumzike, hawana ruhusa ya kuangalia."

Tukaanza kupokezana kila nusu saa. Ilionekana kama mchezo, na watoto waliupenda. Lakini kwa muuguzi haukuwa mchezo. Ni jinsi wodi inavyoendeshwa. Hakuna anayetoka kazini mpaka aliyeingia amepokea wagonjwa kwa sauti na kwa jina. Tatizo la nyumba nyingi ni kwamba wote wako zamu nusu nusu, saa zote. Hakuna anayelinda kikamilifu, na hakuna anayepumzika kikamilifu.

Mchana ule, kanga ikiwa begani kwangu, dada alilala saa mbili na nusu. Nilimsikia akikoroma. Watoto walimcheka. Mama akawanyamazisha.

Mikono na sabuni

Jambo jingine linalowatia wazazi hofu ni magonjwa ya tumbo, hasa virusi vya noro, ambavyo huleta kutapika na kuharisha kwa siku moja hadi tatu. Habari za meli iliyokumbwa husambaa haraka, ingawa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema milipuko ya melini ni asilimia moja tu ya milipuko yote ya noro inayoripotiwa. Meli zinazoingia bandari za Marekani kutoka nje hukaguliwa na CDC kwa kushtukizwa na kupewa alama kati ya 100. Yenye 85 kushuka chini imefeli. Alama hizo ziko wazi kwenye intaneti, na mzazi anaweza kuzisoma kabla ya kulipa.

La kukumbuka ni dogo. Dawa ya kutakasa mikono ya vipukusi haiui noro vizuri. Kinachofanya kazi ni maji na sabuni kila kabla ya kula. Kwenye bafe, mzazi achukue chakula cha mtoto mwenyewe, maana vijiko vya kupakulia vinashikwa na kila mkono. Kwa mwenye presha kama mama, bafe ina mtego mwingine, chumvi. WHO inashauri isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Supu, soseji na jibini vya asubuhi moja vinaweza kukaribia hapo. Mama alijiwekea sheria: matunda kwanza, samaki, mboga, wali kidogo. Na mkate wa kitunguu saumu mara moja tu, "kwa ajili ya ushahidi".

Kisiwa cha mungu wa uzazi

Jumamosi asubuhi tulifungua pazia tukaona maji ya rangi ambayo mama alishindwa kuipa jina. Cozumel ni kisiwa bapa, kijani, kilomita zipatazo 20 kutoka bara la Mexico. Mbele yake kuna matumbawe ambayo ni sehemu ya ukanda wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Australia.

Tulichukua teksi hadi San Gervasio, magofu ya Wamaya katikati ya kisiwa. Kabla ya Wahispania kufika mwanzoni mwa karne ya 16, wanawake wa Kimaya walivuka maji kwa mitumbwi kuja hapa kwa Ixchel, mungu wao wa uzazi, ukunga na tiba. Yaliyobaki ni kuta fupi za mawe, mijusi wakubwa wanaoota jua, na kivuli cha miti.

Nilipomweleza mama, alikaa juu ya jiwe akafikiri. "Kwa mtumbwi," alisema. "Na wengine walikuwa wajawazito." Halafu akasema kwamba basi wanawake wamekuwa wakivuka maji kwa ajili ya watoto tangu zamani, na hakuna aliyeandika majina yao.

Mchana tulikaa ufukweni chini ya vibanda vya makuti, vile vile kama vya Bagamoyo. Dada hakuwa amenunua intaneti ya meli, na ufukweni hakuiwasha simu. Kwa kawaida simu yake hulia kila baada ya saa chache, hospitali ikiuliza nani anaweza kuongeza usiku mmoja. Profesa Sabine Sonnentag wa Ujerumani, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyorudisha nguvu, ameonyesha kwamba kinachopumzisha si kutokuwepo kazini tu, bali akili nayo kuondoka kazini. Mtu anaweza kuwa ufukweni na kichwa chake kiko wodini.

Alasiri dada alijenga nyumba ya mchanga na wanawe. Kijana wa miaka sita, aliyekuwa anaogopa maji tangu jana, alimshika bibi yake mkono. Waliingia wote wawili mpaka magotini. Hawakwenda zaidi. Sikupiga picha, nilikuwa na kanga.

Na wewe unapumzika lini?

Jumapili jioni, kwenye meza ya chakula, mhudumu alitazama kanga, akatazama jina la mama kwenye kadi, akasema: "Shikamoo, mama."

Mama nusura adondoshe uma. Wafanyakazi wa meli huvaa beji yenye jina na nchi, na ya kwake iliandikwa Kenya. Alikuwa kijana wa Mombasa. Kwa dakika mbili alizoweza kusimama alituambia ana binti wa miaka minne, amemwacha na mama yake, na mkataba wake una miezi miwili zaidi. Anafanya kazi siku saba kwa wiki.

"Na wewe mwanangu, unapumzika lini?" mama alimuuliza.

"Mkataba ukiisha, mama."

Sheria ya kimataifa ya mabaharia inataka apate angalau saa kumi za mapumziko katika kila saa 24. Si nyingi ukizingatia kwamba ndani yake kuna kuoga, kula na kumpigia mtoto simu. Meli hizi zinategemea vijana kama yeye, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India. Pumziko letu la siku nne lilikuwa zamu yao. Bakshishi inayokatwa kila siku kwenye akaunti ya chumba, ambayo abiria wengine huomba ifutwe, ni sehemu ya kipato chao.

Mama hakuzungumza sana usiku ule. Kabla ya kulala aliniomba nimwandikie yule kijana barua fupi, tukaiacha mezani asubuhi pamoja na alichoweza kutoa. Barua ilisema mtoto wake hajambo, kwa sababu yuko na bibi yake.

Mzazi, kabla hujalipa

Hati. Meli ikienda Mexico au Bahamas, umetoka Marekani. Mgeni mwenye viza huhitaji ile ya kuingia zaidi ya mara moja. Mkazi wa kudumu abebe kadi yake na pasipoti. Mwenye maombi ya uhamiaji yanayosubiri asipande bila kumuuliza mwanasheria. Kutoka ni rahisi, kurudi kunaweza kushindikana. Kama mzazi mmoja anabaki, kama shemeji alivyobaki, beba barua yake ya ridhaa kwa ajili ya watoto.

Mimba na vichanga. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito atakayekuwa amefikisha wiki 24 wakati wa safari, wala mtoto aliye chini ya miezi sita.

Bima. Zahanati ya meli hutoza, na bima nyingi za kawaida haziilipi. Kusafirishwa hospitali kwa helikopta ni maelfu mengi ya dola. Bima ya safari ni sehemu ya nauli, ihesabu hivyo.

Gharama zilizojificha. Kodi za bandari, bakshishi ya kati ya dola 15 na 20 kwa mtu kwa siku, soda, intaneti na teksi za kisiwani. Panga bajeti yako ukiwa umeziweka.

Saa. Kisiwani fuata saa ya meli, si ya simu. Meli haimsubiri aliyechelewa.

Na ukifika kwenye maji, bwawa la meli, ufukwe wa Kigamboni au beseni la kuogea nyumbani, taja kwa sauti nani yuko zamu.

Baada ya hapo

Sitawadanganya kwamba siku nne zilimponya dada. Tafiti za wanasaikolojia wa kazi zinaonyesha kwamba nafuu ya likizo hufifia ndani ya wiki chache baada ya kurudi kazini, na kwake ilikuwa hivyo. Wiki ya tatu macho yalikuwa mekundu tena. Kilichobaki ni uamuzi mmoja: ameacha kuchukua usiku wa tano. Aliwaeleza wadogo zetu kwamba ada itachelewa kidogo. Mmoja alinuna. Baadaye akampigia kumuuliza kama analala.

Mama alirudi Mwanza mwezi uliofuata. Kanga aliiacha, imetundikwa kwenye msumari jikoni Houston. Juzi dada alinitumia picha: shemeji, mrefu kama mnazi, amesimama bustanini na kanga ya maua mekundu begani, watoto watatu wakiruka mbele yake. Dada haonekani. Chini ameandika, "Mimi niko kitandani."

Nilimwonyesha mama picha hiyo kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, MV Victoria inaondoka Mwanza kwenda Bukoba siku zipi.

Nikamwambia nitaulizia.

"Na uwaulize maboya ni mangapi," alisema.